Siri ya Gari la Mzee

Bibi alikaa kiti cha nyuma, kichwa cha mumewe kikiwa mapajani mwake. Mdomo wa mzee ulikuwa umepinda tangu asubuhi, na sauti haikutoka tena. Hospitali ilikuwa mbali.

"Betri nzima, taa zinawaka, lakini stata kimya kabisa," alisema fundi jirani, jasho likimtiririka. "Bibi, gari hili lina siri."

Siri! Mzee alizoea kutamba kwamba mwizi hataliwasha gari lake hata akipewa ufunguo. Bibi akimwuliza kwa nini, hucheka tu: "Kitendawili!"

"Tega," hujibu Bibi. Jibu hakupewa hata siku moja.

Sasa mkono wa mzee ambao haukupooza ulikuwa ukimgonga Bibi kifundo cha mguu.

"Mguu unakuuma, mzee wangu?"

Mzee akakunja uso, akagonga kwa nguvu zaidi.

Ndipo Bibi akakumbuka. Miaka yote, kabla ya kuwasha gari, mumewe huinama akajikuna kifundo, naye humcheka kwamba ana viroboto.

Akaingiza mkono chini ya kiti cha dereva. Akapapasa vumbi, maganda ya karanga, waya, kisha kitu kidogo cha duara, baridi.

"Fundi, zungusha ufunguo."

Mkono wa mzee ukaacha kugonga.

Bibi akabonyeza.