Jina Kwenye Kioo

Kitu kilianza kuvuma chini ya majalada, mithili ya nyuki aliyefungiwa chupani. Sajini Mbaruku aliyasogeza, na simu ya Kheri ikaonekana ikitetemeka mezani.

Kheri alikuwa mpiga picha za harusi. Ndani ya simu ile alikuwa amerekodi maneno ya mwanamke aliyemwona sajini huyuhuyu akimpiga muuza maji hadi kufa. Mji mzima ulijua shahidi yupo. Jina lake alilijua Kheri peke yake. Tangu asubuhi mafundi wa kituo cha polisi walikuwa wameshindwa kuifungua simu hiyo. Neno lake la siri lilikuwa mshororo mzima wa shairi alilolitunga mwenyewe, na bila huo yaliyomo yalikuwa vurugu tupu ya herufi.

"Umewatoa jasho mafundi wangu, bwana picha," sajini alisema. Kisha akakiinamia kioo, akatabasamu. "Kumbe tulikuwa tunajisumbua. Huyu Somoe wa Maandazi ni nani?"

Kheri aliuma meno, na sajini akajua ndiye shahidi. Kufuli lote lile, na jina linaning'inia nje! Laiti angeizima simu kabla ya kuwapa. Kubonyeza mara moja tu!

"Mwite aje," sajini aliamuru, akapokea na kuweka kipaza sauti.

"Kheri, mwanangu, mbona kimya?"

"Bi Somoe, acha maandazi motoni, toka mjini sasa hivi!"

Sajini aliinyakua simu. Kheri akapaza sauti zaidi:

"Maneno yako hawatayafungua, mama, hata wanivunje vidole. Nakuahidi!"