Swichi ya Pili

Ndege ikiwa bado chini, injini ikijaribiwa, dada mtu alizima swichi ya kwanza tu, injini nzima ikafa. Yaani kimya.

Haikutakiwa kufa. Ndege hii ameiunda gerejini na kaka yake, wakaifunga injini ya rotari waliyoing'oa kwenye gari. Nozeli zinazonyunyizia injini mafuta ziko seti mbili, kila seti na swichi yake, ili moja ikigoma angani, nyingine ikushushe mzima.

Akachungulia nyuma ya dashibodi. Swichi ya pili haikuwa na waya hata mmoja. Miguu yake ya shaba ilikuwa inang'aa, haijawahi kuguswa.

"Kaka, hii inazima nini?"

Kaka, aliyesimama kando ya ndege, akajikuna shingo, kisha akatia mikono mifukoni. "Waya uliisha, dadangu. Seti zote nikaziunga kwenye ile ya kwanza. Hiyo nimeiweka kuziba tundu."

"Na asubuhi yote unanihimiza niruke."

"Mzunguko mmoja tu. Acha kukuza mambo, mbona kwenye gari swichi hazikuwepo kabisa?"

Dada akavua helmeti, akamsukumia kifuani.

"Panda wewe, basi. Nakusubiri hapa."

Helmeti ikaanguka chini. Mikono ya kaka haikutoka mifukoni.