Shikamoo ya Tatu

"Jikaze, bibi, utamfikia tu!" mtangazaji alipiga kelele, na watu wakaangua kicheko.

Fundi cherehani alihisi damu ikimchemka. Tangu alfajiri walikuwa wakiuzunguka uwanja uleule katika mbio hizi za kutwa, na yeye alikwisha kumpita kijana huyo wa mbele mara mbili. Kila alipompita, kijana alimwamkia.

"Achana naye, kimbia," mumewe alimsihi, akimmwagia maji kwenye kiatu alichokitoboa ili kidole kilichovimba kipate nafasi.

Hakukimbia. Alikwenda mezani, akampokonya mtangazaji kipaza sauti.

"Simfukuzi! Naja kumpita tena! Muulizeni ameniamkia mara ngapi!"

Akarudi njiani, nyayo zikimwaka moto, mpaka akamfikia.

"Shikamoo, mama," kijana alinong'ona, akimpisha.

"Sema kwa sauti!"