Bangili ya Kalunde

Siku hizi kila mtoto huvaa bangili, nayo hupata joto akishikwa na mtu wa damu yake. Mama yake Kalunde alifariki angali akimnyonyesha. Nyamizi, jirani yake, akamchukua mtoto akamlea kama wa kumzaa, wala hakuna aliyemuuliza. Basi kila asubuhi Nyamizi hukumbatia kikombe cha chai hadi viganja vipate moto, ndipo amshike mtoto mkono wenye bangili.

“Umeona? Imepata moto.”

“Nimeona, mama.”

Jana Nyamizi alipitiwa na usingizi. Alipoingia jikoni alikuta birika limeshachemka, Kalunde amesimama kando yake, mkono ameunyoosha. Akamshika kwa viganja vyake vya baridi. Bangili ilikuwa ya moto.

“Leo imewahi, mama,” Kalunde alisema.

Nyamizi akaisogeza kidogo. Chini yake, ngozi ya mtoto ilikuwa imebabuka.