Mzee wa Koti la Kahawia

Zilibaki picha mia mbili na kumi na nne, na katika kila moja mzee wa koti la kahawia alikuwa bado anaanguka.

Léon alimfuta mguu. Akafungua picha iliyofuata, akamfuta mguu tena. Video nzima ya arusi alikuwa ameipasua kuwa picha moja moja, ishirini na tano kwa kila sekunde, zote zimepangwa kwa namba ndani ya dosie moja. Kila palipokuwa na mzee, alimfunika kwa kipande cha ukuta au cha meza alichokitoa kwenye picha nyingine, akaihifadhi, akaenda ya pili. Ni kama kupukuchua gunia zima la mahindi kwa kidole kimoja. Hii ilikuwa wiki ya tatu, na kompyuta ilikuwa imekula umeme wa jua mpaka betri zikaanza kulia.

Sarah-Grâce, bibi arusi, angefika Kasongo leo kutoka Kabambare alikoolewa. Jumapili angewaonyesha wakwe zake video hiyo, ukoo mzima umekaa sebuleni. Na wakwe hao ndio waliomwagikiwa. Tangu watu walipotoka kanisani mzee alikuwa anakunywa lotoko, pombe kali ya kienyeji. Akanyang'anya mikro, akaimba wimbo ambao hakuna aliyemwomba, akacheza, kisha akaiangukia meza ya wageni wa Kabambare. Bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo, likaishia kifuani kwa mama mkwe. Watu walicheka wakashika mbavu. Kila Léon alipokikumbuka kicheko kile, aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto.

Yakubu, aliyepiga video ile, alikuja akasimama mlangoni mwa studio. Maisha yake yote hakuwahi kuonja pombe, lakini hakuwa mtu wa kuwahukumu wanywaji.

"Papa Léon, wacha yule muzee. Watu walisha sahau."

"Mutu hawezi kusahau sombe mu nguo yake ya sikukuu."

"Sasa nani alikuomba umutoe? Bibi arusi?"

Léon alinyoosha goti lake lililovimba chini ya meza, akafuta bega.

"Aibu ya maiti aijua mwosha," Yakubu akasema taratibu, bila kumtazama. "Basi endelea kuosha. Lakini yule muzee hajakufa."

Akaenda zake. Léon akafungua picha nyingine.

Mwanzoni alikusudia kuondoa kule kuanguka tu. Halafu akaona kwamba mzee akionekana anacheza, wakwe watakumbuka kilichofuata. Akaanza kwa kuondoa kucheza. Akaondoa wimbo, na sauti yake, akatia muziki wa kinanda. Mwishowe akarudi hadi kanisani, ambako mzee alikuwa hajaonja hata tone, koti limepigwa pasi, anatembea ubavuni mwa bibi arusi amenyooka. Pale hapakufutika, kwa sababu wawili hao walikuwa wameshikana. Léon akazitupa picha zote za mahali pale, mia tatu na zaidi. Programu ikagoma. Yenyewe inataka msururu usiokatika. Namba moja ikikosekana, inasimama hapo hapo. Ilimbidi azipe picha zote namba upya, toka ya kwanza hadi ya mwisho, ndipo ikakubali kuzimeza na kuzirudisha kuwa video.

Tena, kila picha aliyoisafisha aliihifadhi kwa jina lile lile, ndani ya dosie ile ile, na ile safi ikaila ile chafu. Alikuja kulitambua kosa hilo wiki ya pili. Kadi ya kamera nayo Yakubu alikwisha kuifuta, akaenda nayo Salamabila kupiga arusi ya mchimba dhahabu. Maji yakimwagika hayazoleki, na Léon hakusikitika hata kidogo. Alitaka yasizoleke.

Saa nane mchana alimaliza picha ya mwisho. Saa tisa na nusu pikipiki ikasimama nje. Sarah-Grâce akashuka, vumbi jekundu limemjaa hadi kwenye nyusi, akasalimu kwa mikono miwili, akakataa hata maji ya kunywa.

"Onyesha kwanza, papa. Maji nitakunywa kisha."

Léon akabonyeza, akasimama nyuma ya kiti ili uso wake usionekane. Video ilipita laini. Mlango wa kanisa, na mara bibi arusi yuko mbele ya padri. Wageni wakala, wakacheza. Meza ya watu wa Kabambare ilisimama imara, kila bakuli mahali pake, na wale waliocheka walionekana kufurahia arusi tu. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, Léon alivuta pumzi ikamfika tumboni. Aibu ilikuwa imeisha.

Sarah-Grâce alitazama mpaka mwisho. Akaomba irudishwe mwanzo. Akatazama tena, safari hii ameinama karibu na kioo, kidole chake kinapita juu ya nyuso za watu mmoja mmoja.

"Mama mukwe njo alinituma," akasema. "Anacheka mpaka leo. Aliniambia, usirudi huku bila ule wimbo, wote wanataka kuusikia tena."

Léon alishika mgongo wa kiti.

"Papa," Sarah-Grâce akasema, akamgeukia, macho yamejaa machozi, "ulinishika mukono ukanifikisha kwa padri, ukaniimbia wimbo wa marehemu mama. Mbona hauko?"