Hatua ya Saba

Shaweji ndiye aliyetunza maelekezo ya kuunda nyongeza ya mchezo mmoja wa kompyuta, nyongeza ambayo mtu yeyote aliruhusiwa kuichukua bure na kuibadilisha. Asubuhi moja Mwalimu Mwanaidi, wa shule ya viziwi, alimfuata ofisini na daftari. Alikuwa ameyanakili maelekezo yote kwa mkono, akitaka kuwawekea wanafunzi wake maandishi mahali pa sauti za mchezo huo.

"Nimerudia mara kumi na moja," alisema. "Hatua ya saba inanigomea. Samahani kaka, kichwa changu kizito. Hata wanafunzi nimewaambia mwalimu wao hawezi."

Shaweji aliisoma hatua ya saba. Ilitaka faili ambalo halikuwa popote ila kwenye kompyuta yake mwenyewe. Chini yake alikuwa ameandika: Nimejaribu kwenye kompyuta nyingine, inafanya kazi. Hakuwa amejaribu. Siku ile alikuwa na haraka tu.

Angeweza kumpa faili lile kimya kimya, na mwalimu angeondoka akimshukuru.

"Kosa si lako, Mwalimu," alisema. "Niliandika uongo."

Mwanaidi akalifunga daftari. "Basi twende ukawaambie wao."

Darasani watoto ishirini waligeuka wakaitazama mikono yake, wakingoja. Mwanaidi alisimama kando bila kumtafsiria, mikono yake ameikunja kifuani. Shaweji akainua mikono. Hakujua hata ishara moja.