Salamu Nje ya Mahakama

Mashavu alikaa, akainuka, akakaa tena kwenye benchi nje ya mahakama. Alifunga pindo la kanga, akalifungua.

"Tulia, dada," alisema wakili wake, Kibwana. "Leo jaji anaamua jambo moja tu: kama mkuu wa magereza wa nchi uliyoikimbia anaweza kushtakiwa huku, maadamu amekuja mwenyewe kutibiwa macho."

"Na wakitaka nimtambue? Kule nilifungwa kitambaa usoni. Sura yake siijui."

Kibwana akaitwa ndani kabla ya kujibu.

Mzee mmoja akaja polepole na fimbo, akipapasa ukuta. Mashavu akainuka kumpisha, kama alivyolelewa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Mashavu akabaki amesimama. Kule gerezani, kila mlango ulipofunguliwa, alikuwa akiamkia hivyo hivyo, akidhani heshima itampunguzia kipigo. Na sauti hii ndiyo iliyokuwa ikimwitikia, kwa upole huu huu, kabla ya mjeledi.

Alitamani aimeze salamu yake.

Mzee alikaa, akasikiliza, akajua Mashavu hajaondoka. Akajisogeza pembeni.

"Mbona wasimama? Kaa, mwanangu. Nafasi ipo."

Mlango ukafunguliwa. Karani akaita jina la Mashavu, kisha jina la yule mkuu wa magereza, na mzee akageuza kichwa. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya benchi, kikimwonyesha Mashavu pa kukaa.